Sodium Tallowate kwenye sabuni ya kuogea: ni nguruwe? Na mtoto mwenye pumu ya ngozi aogeshewe?

SWALI: Habari mtaalamu. Niko Mombasa, dada yangu anaishi Leicester huko Uingereza amekuja likizo akaniletea sabuni za kipande za kuogea, nzuri zanukia. Jirani yangu kageuza boksi kusoma nyuma, kaona Sodium Tallowate, akaniambia hiyo ni nguruwe tupa. Nina mtoto wa mwaka na nusu ana pumu ya ngozi na nishaanza kumwogeshea hizo sabuni. Je ni nguruwe kweli? Inadhuru ngozi ya mtoto? Na mbona TikTok watu wanajipaka mafuta ya ng'ombe usoni wanasema ndo dawa, si ni kitu kile kile?

JIBU:

Dada yangu salama, na pole kwa mtoto, najua pumu ya ngozi inavyokosesha usingizi nyumba nzima. Usitupe kitu bado. Sodium Tallowate ni sabuni iliyopikwa kwa mafuta magumu ya mnyama, mara nyingi sana ng'ombe, wakati mwingine kondoo. Sabuni ya mafuta ya nguruwe ina jina lake kwenye lebo, inaandikwa Sodium Lardate, kwa hiyo jirani yako kukwambia moja kwa moja kwamba hiyo ni nguruwe hapo hayuko sahihi. Ila na mimi siwezi kukwambia kwa jina hilo peke yake kwamba nguruwe hayumo, na sababu yake nakuja kukueleza huko mbele maana ni jambo la biashara ya mafuta ambalo watu wengi hawaambiwi. Na kuhusu mtoto, acha kumwogeshea hizo sabuni kuanzia leo, lakini si kwa sababu ya ng'ombe wala nguruwe, ni kwa sababu ni sabuni. Hili la mwisho ndo nataka ulielewe kuliko yote kwa sababu watu wanapambana na majina ya kwenye lebo afu kinachomuumiza mtoto kinabaki palepale bafuni.

Mi kazi yangu ni kutengeneza fomula za sabuni na krimu, kwa hiyo wacha nikuonyeshe hii kitu inavyozaliwa, ukishaona mwenyewe utaelewa kwa nini nasema hivo.

Unaenda buchani unaomba yale mafuta meupe yanayozunguka figo za ng'ombe, yale magumu yanayokatika katika ukiyashika. Unayakatakata madogo madogo, unaweka kwenye sufuria na maji kidogo na chumvi, moto mdogo, yanayeyuka taratibu na nyumba inanuka nyama saa nzima, unachuja kwa kitambaa, unaacha yapoe. Juu yanaganda donge jeupe gumu, uchafu na maji vinabaki chini. Hilo donge ndo tallow yenyewe, shahamu iliyosafishwa. Ukilipima kemia yake utakuta asidi za mafuta tatu ndo zimetawala: oleic kama asilimia 40 hivi, palmitic robo au zaidi kidogo, na stearic kama asilimia 20 mpaka 25. Hiyo stearic na palmitic ndo zinafanya liwe gumu na ndo zinafanya sabuni yake isiyeyuke haraka kwenye kisahani.

Sasa unachukua kostiki soda, unaimwaga kwenye maji (kostiki ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, inaruka na inaunguza macho), inachemka yenyewe bila moto. Ikipoa kidogo unaichanganya na yale mafuta yaliyoyeyushwa. Kwa kilo moja ya mafuta ya ng'ombe kostiki inayotakiwa ni kama gramu 140, kwa mafuta ya nazi ni zaidi, kama gramu 183, na fundi mzuri anapunguza kidogo kwenye hicho kipimo ili ibaki mafuta kidogo ambayo hayajaliwa na kostiki, ngozi isikaukiwe sana. Unakoroga, unakoroga, mchanganyiko unakuwa mzito kama uji, ukiinua mwiko tone linaacha alama juu kabla halijazama, hapo unamimina kwenye fremu. Kesho yake unakata vipande, unaviacha wiki nne mpaka sita vikauke.

Kilichotokea humo ndani ni kwamba kila molekuli moja ya mafuta imekutana na kostiki tatu, ikavunjika, zikatoka molekuli tatu za sabuni na moja ya gliserini. Mafuta yale uliyonunua buchani hayapo tena. Wala kostiki haipo tena kama ulipima vizuri. Aliyetuonyesha hili ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, ambaye kazi yake kubwa ya mafuta ya wanyama aliitoa mwaka 1823. Kabla yake watu walipika sabuni karne na karne bila kujua ni kitu gani hasa kinatokea kwenye sufuria, yeye ndo akaonyesha kwamba sabuni ni chumvi za asidi za mafuta, na hiyo stearic na oleic ninazokutajia hapa yeye ndo alizitenga. Kwa hiyo mtu akisema unajipaka mafuta ya ng'ombe mwilini unapoogea Sodium Tallowate, kikemia sio kweli. Asili yake ni mafuta ya ng'ombe, kitu chenyewe ni sabuni.

Inasafishaje? Hiyo molekuli ya sabuni ni ndefu, kichwa kimoja kinapenda maji, mkia wote unapenda mafuta. Ukijipaka, mikia inajichomeka kwenye mafuta na vumbi vilivyoganda kwenye ngozi, vichwa vinabaki nje kwenye maji, uchafu unazungukwa unakuwa matone madogo madogo yanayoelea, unamwaga kopo la maji vinaondoka. Ndo kazi hiyo hiyo ya kushikanisha maji na mafuta inayofanya sabuni itumike hata kwenye krimu. Zile krimu za zamani za usoni zinazopotea ukipaka, zimetengenezwa kwa asidi ya stearic afu inatiwa potasiamu haidroksaidi au triethanolamine kidogo (zinafanya kazi kama kostiki), sehemu ya asidi inageuka sabuni humohumo kwenye krimu, na hiyo sabuni kidogo ndo inayoshika maji na mafuta visitengane. Kwa hiyo ukiona Stearic Acid na Triethanolamine kwenye chupa moja ya losheni ujue kuna sabuni humo ndani hata kama neno sabuni halijaandikwa popote.

Ila mafuta ya ng'ombe peke yake hayatoi povu la maana, povu lake ni dogo, zito, linakaa. Povu kubwa linatoka kwenye nazi au kokwa za mchikichi. Ndo maana kwenye boksi lako hiyo Sodium Tallowate lazima ipo na mwenzake, Sodium Cocoate au Sodium Palm Kernelate, na mchanganyiko maarufu viwandani tangu zamani ni sehemu 80 ya mafuta magumu na 20 ya nazi au kokwa. Sabuni nyingi za viwanda vya Kenya na Tanzania hiyo 80 ni mawese, yanatoka Malaysia na Indonesia, ndo maana nyumbani umezoea kuona Sodium Palmate na hukuwahi kushtuka. Kwa ngozi yako tofauti ya Tallowate na Palmate ni ndogo sana, asidi zake zinakaribiana.

Sasa mtoto.

Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH yake iko karibu na 5. Sabuni yoyote ya kweli, iwe ya ng'ombe, ya mawese, ya mwarobaini, ya nazi iliyotengenezwa na mama mmoja huko Kilifi kwa mikono yake, iwe imeandikwa ni ya asili au ya kichanga, pH yake iko 9 mpaka 10. Haiwezi kushuka, ukiishusha sabuni inarudi kuwa asidi za mafuta na inakufa haifanyi kazi. Ngozi ya mtu mzima mwenye afya ikioshwa inajirudisha yenyewe baada ya muda. Ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi ukuta wake ulishakuwa na nyufa kabla hujamgusa, mafuta yanayoshikilia zile seli ni machache, maji yanatoka na vitu vya kuwasha vinaingia, sasa ukimpaka kitu cha pH 10 kinachobeba mafuta unamalizia hata yale kidogo yaliyobaki. Anawashwa, anajikuna, panatoka majimaji, vijidudu vinaingia, na we unaongeza sabuni ukidhani ni uchafu. Nimeona mama wengi sana wako kwenye mzunguko huu na wala hakuna aliyewaambia.

Na Mombasa kuna jambo la pili, maji. Maji mengi ya visima pwani yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, yamebeba kalsiamu nyingi, afu mengine yana chumvi. Sabuni ikikutana na kalsiamu inashikana nayo inakuwa kitu kisichoyeyuka, ule utando wa kijivu unaoukuta pembeni ya beseni na kwenye ndoo ndo huo. Na huo utando haubaki kwenye beseni tu, unabaki kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ya mtoto, palepale pumu ya ngozi inapopenda kukaa. Sabuni za mafuta magumu kama ng'ombe na mawese ndo mbaya zaidi kwa hili. Kwenye maji ya chumvi hazitoi povu kabisa, ndo maana mabaharia walikuwa na sabuni yao maalum ya nazi tupu. Kwa hiyo kama unatumia maji ya kisima na unaona sabuni ya Leicester haitoi povu unazidisha kuisugua, basi unazidisha na huo utando.

Tafuta sabuni ya kipande au ya maji ambayo kwa kemia sio sabuni, ile pH yake imeandikwa 5.5, na mwanzoni mwa lebo utafute Sodium Cocoyl Isethionate au Sodium Lauroyl Isethionate. Epuka yenye Sodium Lauryl Sulfate kwa mtoto huyu, hiyo inawasha. Chagua isiyo na manukato, hilo nalisisitiza kwa sababu hizo zako umesema zinanukia na manukato ni moja ya vitu vinavyowasha ngozi za namna hiyo. Maji ya vuguvugu sio ya moto, dakika chache tu, hicho kisafishio mpake sehemu zinazochafuka basi, mwili wote hauhitaji kila siku. Ukimtoa mpapase kwa taulo usimsugue, na ngozi ikiwa bado na unyevu mpake mafuta ya mgando ya kawaida (petroleum jelly) yasiyo na harufu, mengi, mwili mzima. Kama kuna sehemu zinatoa maji, zina ukoko wa rangi ya asali au mtoto ana homa, hiyo sio ya kutibu kwa sabuni wala mafuta, mpeleke kwa daktari.

Turudi kwenye swali la jirani yako, kwa sababu anastahili kujibiwa vizuri na sio kupuuzwa.

Kwenye viwanda vinavyoyeyusha mabaki ya machinjioni, mafuta yanauzwa kwa sifa zake za kimaumbile. Wanachukua asidi za hayo mafuta wanapima zinaganda kwenye nyuzi ngapi. Zikiganda kwenye nyuzi 40 au zaidi, mzigo unaitwa tallow, chini ya hapo unaitwa grisi. Umeona tatizo liko wapi? Kipimo kinaangalia ugumu, hakiangalii mnyama. Mzigo wa ng'ombe uliochanganyika na nguruwe kiasi bado unaweza kufika nyuzi 40 na ukauzwa kama tallow, hasa kwenye nchi ambazo kiwanda kimoja kinapokea mabaki ya kila mnyama. Sisemi sabuni yako iko hivyo. Nasema jina Sodium Tallowate kwa kawaida maana yake ni ng'ombe au kondoo, ila halibebi dhamana kwamba ni ng'ombe mtupu.

Na hata akiwa ng'ombe mtupu, kwa Muislamu bado kuna swali kachinjwaje, na kwa jirani Mhindu mwenye kumheshimu ng'ombe hilo la ng'ombe lenyewe ndo tatizo. Wanazuoni wa Hanafi, na wengi wa Maliki, wanasema kitu najisi kikigeuka kabisa kuwa kitu kingine kinatoharika, wanaita istihala, na sabuni ni mfano wanaoutaja. Kwa Shafi, ambayo ndo watu wengi wa pwani yetu wanaifuata, mlango huo ni mwembamba sana, mvinyo ukigeuka siki wenyewe, na ngozi ya mzoga ikisafishwa kwa dawa zake, tena sio ya nguruwe wala mbwa. Kwa hiyo ukienda kwa sheikh wako usimpelekee neno la kiingereza lililoandikwa nyuma ya boksi, mpelekee maelezo haya: ni mafuta ya mnyama ambayo yamevunjwa na kostiki yakawa sabuni na gliserini, mnyama anatajwa kuwa ng'ombe au kondoo, uchinjaji haujulikani. Yeye ndo atakupa hukumu.

Kuna watu pia wanauliza kuhusu kichaa cha ng'ombe kwa sababu ugonjwa ule uligunduliwa Uingereza mwaka 1986. Hilo usiogope. Kanuni ya vipodozi ya Ulaya namba 1223 ya mwaka 2009, ambayo Uingereza ilibaki na toleo lake baada ya kujitoa, inaruhusu vitu vilivyotokana na tallow kwa masharti ya upikaji: kwa sabuni ni kostiki kali, nyuzi 95 kwa masaa matatu ukipika kwa mapipa, au nyuzi 140 na shinikizo la ba mbili kwa dakika nane kwenye mtambo unaoendelea bila kusimama. Hayo masharti yaliwekwa makusudi kwa ajili ya ugonjwa huo.

Hao wa TikTok sasa. Wao wanapaka tallow yenyewe, lile donge la kwenye sufuria kabla kostiki haijaingia. Kwa hiyo hapana, sio kitu kile kile, moja linaondoa mafuta kwenye ngozi lingine ndo mafuta yenyewe. Ni mafuta ya kufunika ngozi, yanazuia maji yasitoke, kama samli au mafuta mengine mazito yanavyofanya, hapo hawadanganyi. Wanapokosea ni wanaposema eti yanafanana kabisa na mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya binadamu. Mafuta yetu ya ngozi yana squalene, aina moja ya mafuta, kama asilimia 12 na nta kama robo hivi, vitu ambavyo tallow haina kwa kiasi cha kutajwa, na sisi tuna asidi yetu inaitwa sapienic ambayo ng'ombe hana. Afu ile oleic asilimia 40 kwa mtu mwenye pumu ya ngozi sio rafiki, oleic nyingi inalegeza ukuta wa ngozi badala ya kuukaza. Uso wenye chunusi unaweza kuziba. Na yale yanayouzwa kwenye vikopo bila tarehe wala namba ya shirika la viwango, yaliyeyushwa jikoni kwa mtu, yakibakiwa na maji kidogo yanaoza. Usimpake mtoto. Mafuta ya mgando ni bei ndogo, hayaozi na hayana harufu ya kumwasha.

Kwa sababu najua sasa utaanza kugeuza kila boksi dukani, nikupe na majina mengine. Sodium Lardate na Adeps Suillus hayo ni nguruwe wazi. Adeps Bovis ni mafuta ya ng'ombe. Lanolin inatoka kwenye sufu ya kondoo, kondoo hachinjwi kwa ajili yake. Cera Alba ni nta ya nyuki. Wasumbufu ni Stearic Acid, Glycerin, Glyceryl Stearate na Sodium Stearate, hao wanaweza kutoka kwenye mawese au kwa mnyama na lebo hailazimiki kusema, siku hizi nyingi ni za mawese lakini kwa kuziangalia tu huwezi kujua. Ndo maana cheti cha halali kwenye boksi kina maana, aliyekitoa kafuatilia mpaka kwa muuzaji wa mafuta.

Hizo za Leicester, wakati unasubiri, ziweke kabatini. Dada yako awaandikie watengenezaji, anuani ipo kwenye boksi, sheria inawalazimu kuiandika. Asiulize tu kama sabuni ni ya wanyama, watamjibu ndiyo na mtabaki mlipokuwa. Aulize hivi: tallow mnayotumia ni ya mnyama gani, je kiwanda kinachoyeyusha kinapokea ng'ombe peke yake au mabaki mchanganyiko, na Glycerin na Stearic Acid za kwenye bidhaa hii asili yake ni nini. Awatumie na namba ya batchi iliyopigwa muhuri chini ya boksi, maana muuzaji wa mafuta anaweza kubadilika. Wakijibu ni ng'ombe tu, mpelekee sheikh hilo jibu, na akisema sawa oga mwenyewe bila wasiwasi, ni sabuni nzuri ngumu na kipande kimoja kitakukalia muda. Wakikwepa swali la kiwanda, mpe sheikh na hilo pia. Mtoto yeye hata wajibu vipi, aendelee na kile cha pH 5.5.